Bi Kapu na Mponda Kokoto

Wajawazito ndio waliombandika jina Bi Kapu, maana mkunga huyu alikagua mzigo kabla ya tumbo. Jicho lake lilikuwa kali. Wanasema aliwahi kuona pamba imepungua ndani ya kapu ambalo mwenyewe hajafika hata getini. Glovu, pamba, beseni, kanga tatu: ukitimiza, kitanda. Ukipungukiwa, benchi na maneno.

Asubuhi moja waliingia wawili. Mke wa meneja alikuja na masanduku mawili, uchungu haujamkolea. Mponda kokoto alikuja na mfuko wa nailoni, ndani kanga moja.

"Umekuja kujifungua au umetumwa chumvi?" Bi Kapu akamuuliza. Benchi zima likacheka, naye akanogewa. Kitanda cha mwisho akampa mwenye masanduku.

"Sista, mtoto anakuja," mponda kokoto akasema.

"Mwambie apange foleni."

Mtoto hakupanga. Alitokea pale pale sakafuni, akadakwa na mama mfagiaji kwa ile kanga moja. Bi Kapu alipofika mbio, mtoto alishalia, kondo la nyuma limeshatoka, na mzazi anafuta sakafu kwa pindo la gauni.

"Samahani, sista. Nimekuchafulia."

Heri angemtukana. Tusi lina jibu. Bi Kapu akageukia kitanda cha mwisho.

Mke wa meneja akashuka kitandani bila kuambiwa. Lakini mponda kokoto hakupanda. Alimfunika mwanawe, akashika njia ya mlango.

"Damu haijakata, mwanangu! Nyumbani hufiki," Bi Kapu akapaza sauti.

"Nitafika. Kule hakuna wa kunicheka."

Bi Kapu akapiga magoti, magoti ambayo hayakuwa yamegusa sakafu tangu siku ya harusi yake. "Nimekukosea. Nitukane, nipige, ila usiondoke."

Mponda kokoto akageuka. Akasema, "Nitakaa. Lakini wewe usiniguse. Anishike mama wa ufagio."

Basi mfagiaji akanawa, akavaa glovu, na Bi Kapu akasimama nyuma ya pazia akimwelekeza: chini ya kitovu, kanda, kaza mkono, usiache. Hata ilipokaribia adhuhuri damu ikakata.

"Anajisikiaje?" Bi Kapu akauliza. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu.

Mara zote alijibu mfagiaji.