Kifurushi Kilichokatika Njiani

Mchana ule dada yangu alikuwa leba ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, na mimi nimekwama Mwanza mbele ya kompyuta ya kiwanda cha minofu ya sangara. Programu ya kuchapa lebo ilikuwa imegoma. Bila lebo, samaki hawapandi ndege.

Niliiandika mwenyewe, lakini iliegemea vifurushi, yaani vipande vya programu vilivyotungwa na wengine. Lugha ya kompyuta niliyotumia ilikuwa na msimamizi, programu ya kuvivuta kwa laini ya simu na kuvisakinisha. Umeme ulipokatika asubuhi, kimoja kiliharibika. Nikaamuru kivutwe upya. Modemu, kile kifaa cha kuipigia kompyuta simu, ikalia, laini ikakatika katikati. Nikarudia. Kompyuta ikamaliza upesi, ikatoa kosa. Nikarudia tena. Kosa lile lile.

Nikaenda dirishani, nikarudi, nikakaa, nikasimama. Meneja akaingia na gambuti zake zinachuruzika maji.

"Binti, barafu inayeyuka."

"Naona, mzee."

"Tuandike kwa mkono?"

"Wanunuzi hawatazipokea."

Ndipo nikashtuka: mara hizi za mwisho modemu haikulia kabisa! Msimamizi hakuwa anapiga simu. Alikuwa anachukua lile faili nusu lililobaki kwenye diski tangu laini ilipokatika, na kulijaribu upya kila nilipoamuru. Nikalifuta.

"Mzee, nani ananyanyua simu ya koridoni? Laini ni moja na ya modemu, akinyanyua inakatika."

Akatoka mbio. Nikamsikia akifoka, "Asiguse mtu hapa!" Akabaki kuilinda mwenyewe.

Safari hii modemu ililia. Sikuweza kukaa. Kifurushi kilipofika kizima, nikasakinisha upya na vingine vilivyokitegemea. Printa ikaanza kukereza. Nikachukua mkoba, sikuaga mtu.

Nilifika gatini kivuko cha mwisho kimeshang'oa nanga, kinazidi kuwa kidogo majini. Sikujua dada yuko katika hali gani, wala sikuwa na wa kumuuliza. Usiku ule usingizi haukuja.

Asubuhi nilivuka na kivuko cha kwanza, nikisimama njia nzima. Mama alikuwa kwenye benchi la hospitali, kichanga mapajani.

"Shikamoo mama. Dada je?"

"Marahaba. Mzima, amelala. Ulikuwa wapi jana?"

"Vifurushi viliharibika kazini, nikawa navitengeneza."

"Vifurushi? Kwani siku hizi unafanya kazi posta?"

Nikaanza kueleza habari za modemu. Akanikatiza.

"Kaa kwanza. Mpakate mwanao."

Nikampokea nikiwa bado nimesimama.