Kigingi cha Bonde la Mbuba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa futi kamba, panga, na viatu vya mpira vya mtu aliyeacha kazi. Vilinibana miaka miwili, lakini hayo tuyaache. Mimi shule niliishia darasa la nne. Bwana Mpima wa Biharamulo akaniambia, "Wewe ni chenimani. Unashika ncha ya futi kamba, unasimama nitakapokwambia. Kufikiri niachie mimi." Baada ya mwaka alikuwa ananiuliza.

Maana kazi yetu ilikuwa kuchora ukingo wa maji. Ndani ya mita sitini kutoka ukingoni haruhusiwi mtu kujenga, na ombi la kibali linalinganishwa kwanza na ramani. Sasa ukingo ni upi? Kiangazi watu wanakata mafunjo, wanapanda maharage, unaona nchi kavu tu. Mimi nilitazama vichuguu. Mchwa hajengi mahali maji ya masika yanapofika. Kichuguu cha kwanza kutoka bondeni, hapo unapiga kigingi, mita zinaanza kuhesabiwa.

Nikahamishiwa Ngara. Bwana Mpima wa huko alikuwa mpole, mpenda ndizi, macho yake hayaoni mbali. Bonde la Mbuba tulilipima kiangazi. Nimesimama kwenye kichuguu, akanijia mjane mmoja, Mama Restituta. Shemeji zake walimgawia kiwanja cha chini, kingine hana.

"Baba, ukianzia hapa, mimi nyumba nijenge hewani?"

"Mama, maji hufika hapa."

"Tangu niolewe sijayaona."

Bwana Mpima akaita kutoka mbali, "Vipi, uko ukingoni?"

Nikashuka hatua kama themanini, nikapiga kigingi. "Hapa, bwana." Akaandika.

Mama yule hakunipa kitu. Nilimhurumia tu.

Kibali kikatoka, akajenga. Masika ya mwaka wa tatu yalikuwa marefu. Jumapili moja, yeye akiwa kanisani, maji yakaingia. Ndani alikuwemo mama mkwe wake, asiyeweza kutembea. Tulimtoa mchana, amenasa chini ya kitanda. Ofisini wakasema ni mvua. Msibani Mama Restituta akanishika mkono mbele ya watu: "Huyu ndiye aliyenisaidia nikapata nyumba." Nikaletewa chakula, nikala.

Nikastaafu, kigingi kikabaki kwenye ramani. Juzi akaja binti wa ofisi ya mazingira na kifaa chake cha setilaiti. Kuna familia nne zimeomba kujenga palepale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ramani inaonyesha pakavu."

Nikampeleka kwenye kichuguu. Akacheka. "Mzee, nikaandike kwamba mchwa wamekataa?"

"Andika kwamba chenimani alidanganya."

Hakucheka tena. Akasema niandike mwenyewe, nitie saini.

Nimeandika, barua iko wilayani. Kwa Mama Restituta bado sijaenda. Tukikutana gulioni ananiamkia, ananiita baba, ananiuliza kama nimekula.