Daftari la Mwalimu Rehema

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Zinga, na naomba mnicheke taratibu. Wakati wa likizo nilisoma riwaya ya mtu anayefumbua maandishi ya siri huku serikali ikimfuatilia kila hatua. Shule ilipofunguliwa, nikawa namwona kila mtu mpelelezi.

Mwalimu Rehema, mgeni kwetu, alikaa mbele yangu ofisini. Kila mara alikitazama kichwa changu, kisha akaandika daftarini: T4 M2 T4 M6. Sasa, maandishi ya siri hufumbuliwa kwa kuhesabu kinachojirudia, basi nikahesabu. T nikaipa "taarifa", M nikaipa "mwalimu". Nikaamini kabisa kwamba ametumwa kutuchunguza.

Kwenye kikao cha walimu, pale pale ofisini, nikasimama mbele ya mkuu wa shule. "Mwalimu Rehema anatupeleleza. Ushahidi uko kwenye daftari lake!"

Wenzangu wote wakamgeukia. Machozi yakamlengalenga. Akafungua mkoba, akatoa kofia ya kushona kwa mkono, bado haijakwisha.

"T ni tobo, M ni mshono," akasema. "Namshonea baba, yuko Mkange. Kichwa chake ni kama chako, nami nilikuwa nakikadiria."

"Nisamehe, dada yangu," nikasema. "Ni riwaya ya wapelelezi niliyosoma likizoni."

Mkuu akacheka hadi akavua miwani. Rehema akafuta macho, akanisogelea na kofia. "Haya inama, mpelelezi, nikupime."

Nikainama. Ofisi nzima ikasubiri.

"Inabana," akasema, sasa naye akicheka. "Kichwa cha baba hakina riwaya ndani."