Katibu wa Nyumba za Kijiji
Katibu wa nyumba za kijiji hubisha hodi mara mbili, kisha hurudi nyuma hatua tatu, kofia mkononi, ili mwenye mlango asijione amebanwa. Viganja vyake ni vya mwashi, vimepasukapasuka kwa chokaa, na sauti yake haipandi hata upepo wa Kornwali, pwani ya Uingereza, ukivuma. Miaka minne amepita hivyo mlango kwa mlango akiwaomba watu wakubali zijengwe nyumba kumi za wenyeji, maana za zamani zimenunuliwa na wageni wanaokuja majira ya joto tu. Kerensa, mmoja wa wenyeji hao, alimpinga. Aliandika barua kwamba nyumba hizo zingemzibia mandhari ya bahari. Leo katibu amemletea Kerensa ufunguo wa nyumba aliyopewa mwanawe Kerensa, Jory, anayeishi na mkewe mjamzito kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, inayovuja.

“Mama Jory, mwambie kijana ni nyumba namba saba.”

“Barua yangu uliisoma?” Kerensa aliuliza, macho chini.

“Niliisoma mkutanoni, yote. Jina ndilo sikulitaja.”

“Kwa nini?”

Katibu alikuna kiganja. “Nilijua Jory naye ataomba. Sikutaka wamnyime kwa ajili yako.”

Kerensa aliupokea ufunguo kwa mikono miwili.