Mwalimu Aliyepima Nyongeza Yangu

Mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko letu hapa Bariadi amefariki. Tumemzika Alhamisi kijijini kwao, upande wa Sola, na mimi nilikwenda, na magoti yangu haya na vumbi lile. Nyinyi mnaonisoma hapa mnajua sina kawaida ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Kufa tutakufa wote, hata wezi. Na huyu mwalimu, nisiwafiche, sikuwahi kumaliza mwezi bila kumkasirikia. Lakini nilikaa pale msibani nikasikiliza hotuba sita, na kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mchapakazi, marehemu alikuwa mcheshi, marehemu alipenda watu. Maneno hayo hayo yalisemwa juzijuzi kwa marehemu mwingine ambaye hakuwa hata kimojawapo. Hakuna aliyetaja mzani. Nikanyoosha mkono ili nami niseme langu, mwongoza ratiba akaniambia, "Bibi, muda umetubana." Haya. Nasema hapa.

Mimi nauza dagaa. Nawatoa Lamadi kwa gunia, nauza kwa bakuli, elfu mbili, na juu ya bakuli naweka nyongeza, yaani kiganja kimoja ambacho silipwi. Soko letu ndivyo lilivyo, bila nyongeza mteja harudi. Jirani yangu mwenye duka anapima kwa mzani, nusu kilo kwenye mfuko, elfu tatu na mia tano, na haongezi hata kichwa cha dagaa mmoja. Sasa siku moja, yapata miaka mitatu iliyopita, mwalimu akaleta darasa la sita sokoni, na madaftari yao, na mzani mdogo alioununua kwa hela yake. Alikuwa anawafundisha kwamba ukitajiwa bei hujaambiwa kitu, mpaka uulize ni bei ya kiasi gani. Sabuni, sukari, mchele, vyote walivipima na kuvigawanya mpaka wakajua gramu mia zinauzwaje, hapa na pale. Wakamtuma msichana mmoja anunue bakuli langu. Wakapima: gramu mia mbili na hamsini. Kwa hiyo gramu mia kwangu ni shilingi mia nane, na dukani ni mia saba. Wakaandika kwenye madaftari kwamba bibi ni ghali. Watoto wakarudi nyumbani wakawaambia mama zao, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nakaa mbele ya gunia langu nafukuza nzi, huku wanawake niliowauzia tangu wana ujauzito wa hao hao watoto wananipita wanaingia dukani. Mimi dagaa ndio shamba langu. Wasiponunuliwa, kwangu hakupikwi.

Nikajifunga kanga kiunoni nikaenda shuleni. Hodi sikupiga. "Mwalimu," nikamwambia mbele ya darasa zima, "umenitangaza mwizi kwa hesabu ya nusu. Nyongeza yangu mmeiweka wapi?" Akabaki na chaki mkononi. "Nyongeza?" "Nyongeza! Wewe umezaliwa Sola au umeshushwa na basi jana?" Watoto wakacheka. Naye akacheka, jambo lililonikera zaidi. Akaniita mama kwa Kisukuma chetu, akasema, "Mayu, una haki. Tumekosea. Twende tukapime." Tukarudi sokoni wote, msururu mzima, akanunua bakuli yeye mwenyewe, nami nikaweka kiganja cha kweli, kilichojaa mpaka wengine wakadondoka. Mzani ukasoma gramu mia tatu. Gramu mia zangu zikashuka hadi shilingi mia sita sitini na kitu, chini ya zile za duka. "Bibi ameshinda," akatangaza kwa sauti, nami nikamgeukia jirani yangu wa duka nimtazame vizuri.

Sikumaliza kumtazama. Yule msichana aliyenunua siku ya kwanza akasema, "Mwalimu, lakini mimi sikuwekewa." Mwingine akadakia, "Hata mimi nikitumwa siwekewi." Na mwingine. "Nyie watoto, mmekosa adabu?" nikawauliza, na sauti yangu nikaisikia mwenyewe kwamba haina nguvu. Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Aliwaambia tu wafungue madaftari, waandike mistari miwili: gramu mia za mtu mzima, mia sita sitini na kitu, gramu mia za mtoto, mia nane. Gunia moja, bakuli moja, bibi mmoja. Kisha akanishukuru, akawapanga watoto wawili wawili, wakaenda zao, wakaniacha na wauza nyanya wanaojifanya hawakusikia.

Naapa sikuwa nimeliona jambo hilo. Mtu mzima anasimama mbele yako anasema, "Ongeza mayu, hii nini, nalisha paka?" Unamwongezea yaishe. Mtoto wa Kisukuma anapiga goti, anakusalimia mwangaluka, anapokea kwa mikono miwili, anaondoka. Sisi wenyewe tumemfundisha asibishane na mkubwa. Na mimi, bibi mwenye wajukuu, nilikuwa naila ile adabu yake kiganja kwa kiganja, jioni narudi nyumbani nasema biashara leo haikuwa mbaya. Mwalimu yule nilimnunia miezi miwili. Akinisalimia, naangalia gunia. Lakini kesho yake tu nilianza kuwawekea watoto nyongeza, na sikumwambia. Wanawake wakarudi kununua kwangu, hilo nalo sikumwambia.

Na nyinyi wazazi, mlimfanya nini? Mlikwenda shuleni kulalamika. Eti mtoto nimempeleka asome, si akazurure sokoni kushikashika sabuni. Mtihani hauulizi dagaa. Mwalimu akaambiwa abaki darasani, na mzani ukaingia kabatini. Hao hao waliolalamika nawaona kila jioni wananunua mafuta ya kupikia ya kipimo, kidogo kidogo, na wiki ikiisha wamelipa bei ya chupa na nusu kwa chupa moja. Wananunua kifurushi cha simu cha saa moja, mara tano kwa siku. Mavuno yakifika wanamfungia mnunuzi gunia la lumbesa, limevimba juu kama limevaa kilemba, wanalipwa gunia moja tu, wanasema ndiyo bei iliyopo. Bei ya kiasi gani? Hawajui, na wanaona haya kuuliza. Mtaniambia maskini hana hela ya chupa nzima. Najua. Nimekuwa maskini kabla hamjazaliwa, na darasa la nne niliishia kwa sababu hiyo. Wakati mwingine huna jinsi. Lakini kukosa jinsi ni jambo moja, na kutojua unachopoteza ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili mtu alijitolea kuwaponya watoto wenu bure, mkamfungia kabatini.

Ijumaa, kesho yake baada ya maziko, nilirudi sokoni. Akaja mtoto wa kike wa miaka kama minane, akapiga goti, akanisalimia, akanipa elfu mbili. Nikajaza bakuli, nikaweka kiganja. Sijui ni uchovu wa safari, sijui ni mkono kukumbuka ubaya wake wa zamani, kiganja kilitoka chembamba. Mtoto hakuondoka.

"Nini tena?"

"Bibi," akasema, macho chini, "hiki si kama cha juzi."

"Nani kakufundisha kumsemesha bibi yako hivyo?"

"Dada. Yeye alifundishwa na mwalimu wa mzani."

Nikamwongezea mpaka dagaa wakadondoka kwenye turubai. Kisha nikamwambia, "Salamu umeshatoa, mjukuu wangu. Unapodai chako, simama."

Hayo, ukiacha hili la Ijumaa, ndiyo niliyonyimwa nafasi ya kuyasema pale kaburini. Wazazi, mkimtuma mtoto sokoni, mtumeni na mdomo wake. Adabu isiyojua kuuliza inatulisha sisi wauzaji. Na wewe mwalimu, ulikuwa sahihi, na ilinipasa nikuambie ukiwa hai, tena mbele ya lile darasa. Sasa umelala huko Sola, na bado unanitia hasara ya kiganja kwa kila mtoto. Lala tu. Nitailipa.