Jiko la Ida Mbele ya Madiwani

"Ulipewa dakika tatu, Ida. Tatu tu, na mbili umezitumia kulichimbia jiko lako kaburi," nilimwambia.

Ida Ollerenshaw alikuwa amekaa kwenye benchi la korido pale halmashauri, mkoba mapajani, koti amelifunga vifungo mpaka kooni. Akasema hakuchimba kaburi, amesema kweli. Nikamjibu kwamba kweli ni kama haradali, haipakwi kwenye kila chakula.

"Nani alikuuliza habari za kadi?"

"Hakuna aliyeuliza."

"Basi si ungenyamaza, shoga yangu."

"Ningenyamaza, halafu wale wazee ningewatazamaje usoni, Hetty?"

"Ungewatazama ukiwa na jiko."

Hatua chache mbele yetu alisimama Diwani Entwistle, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, ametupa mgongo, anasoma tangazo la hatari ya moto lililobandikwa ukutani. Alikuwa akilisoma kwa mara ya nne. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wetu mle chumbani, na sasa yuko nje pamoja nasi kwa sababu ya ulimi wa Ida.

Mambo yalikuwa hivi. Ida amepika chakula cha mchana cha wazee kila Jumatano kwa miaka kumi na tisa, kwenye ukumbi wa kanisa dogo la Mtaa wa Tanner. Huweka nyama ya kondoo chini, viazi juu, akaacha oveni ifanye kazi yake tangu alfajiri. Kikinukia, watu hutoka majumbani bila kuitwa. Ile sanamu ya mwanajeshi pale sokoni ilishuka siku moja ikaomba sahani, nimeiona kwa macho yangu, ingawa ilikunywa mchuzi tu kwa sababu ya meno. Wazee ni ishirini na sita. Wengi wao, toka Jumatano hadi Jumatano, hawasemi na mtu isipokuwa redio.

Mwezi uliopita akaja bwana afya, akainusa gesi, akabandika karatasi nyekundu kwenye jiko. Alisema ikifika Ijumaa ya wiki hii bila jiko jipya atakata gesi na kuufunga mlango wa ukumbi. Jiko la ukubwa ule ni pauni elfu mbili na ushee. Pesa hiyo sisi hatuna, lakini kata ina fungu lake la miradi ya mtaa, na madiwani watatu hukaa mara moja kila miezi mitatu kuligawa. Kikao chenyewe kilikuwa leo, Jumatano jioni. Tukikosa leo, kikao kijacho kitakuta kufuli lina kutu.

Diwani Entwistle alikuja kutukagua, akala sahani tatu, akaapa atatupigia kura. Ida kwa furaha akampa kadi ya uanachama wa heshima wa chama chetu cha chakula, wa maisha. Tuliisaini wote. Mimi nilichora paka, kwa kuwa mimi na shule tuliachana mapema bila machozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua sheria yao: diwani akiwa mwanachama wa kikundi kinachoomba, lazima atamke hivyo, atoke nje, kura ipigwe bila yeye. Ida aliiona asubuhi ya leo, kwa maandishi madogo nyuma ya fomu. Nilimwambia asiguse. Kadi iko ndani ya pochi ya Entwistle, naye amekwisha kuisahau. Lakini Ida aliposimama mbele yao, neno la kwanza likawa kadi. Entwistle akawa mwekundu kama kiazi sukari cha kuchemsha, akakusanya makaratasi yake, akatoka. Nasi baada ya dakika zetu tatu tukatolewa vilevile, maana desturi ya pale ni kwamba mwombaji hasikilizi wakimjadili.

Wakatufungia mlango. Ila mlango wenyewe ni wa kioo.

Mimi na Ida tuliingia kiwanda cha nguo tukiwa na miaka kumi na mitano. Mitambo mia nane ilipiga kelele chini ya paa moja, sauti ya mtu haikuwa na kazi mle, kwa hiyo wanawake tulisema kwa midomo tu, tukiikunja na kuitanua, na tulisikilizana kutoka ncha moja ya kiwanda hadi nyingine. Mimi niliwahi kusoma midomo ya mhubiri akisali peke yake ng'ambo ya bonde, na dua yenyewe ilikuwa ya kunilaani mimi.

"Usitazame, si haki," Ida alisema.

"Masikio yangu nimeyaziba. Macho hawakuyataja."

Alijidai kuangalia viatu vyake. Baada ya muda mfupi nikamwona naye ameinua uso.

Mle ndani walibaki wawili. Mwenyekiti, Bi Garside, mwanamke mwembamba wa miwani ya mnyororo, alikuwa anataka pesa ile ikanunue masanduku ya maua ya kupanga sokoni. Mwenzake, Diwani Bhatti, alikuwa mpya, hatukumjua msimamo. Kura zikilingana, mwenyekiti ndiye hukata shauri. Kwa hiyo hata Bhatti akiwa wetu, bila Garside tumekwisha.

Bhatti alikuwa akisema kwamba ukumbi utafungwa keshokutwa, ilhali maua hayafungiwi na mtu. Garside akatikisa kichwa. Nilidhani atatetea maua yake. Akasema, nikamsoma neno kwa neno, kwamba maua yanaweza kusubiri hadi masika. Kisha akafunua fomu yetu na kugonga ukurasa kwa kidole.

Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika majina mawili, wa kwanza anayeongoza mradi, wa pili atakayeuendeleza wa kwanza akishindwa. Kwenye mstari wa pili Ida alikuwa ameandika tena jina lake mwenyewe.

"Amefikisha miaka themanini na moja," midomo ya Garside ilisema. "Huu si mradi, ni bibi mmoja. Akianguka kesho, tutakuwa tumemnunulia marehemu jiko."

Nikageuka haraka nione kama Ida ameliona. Alikuwa ameliona. Hakulia, Ida si mtu wa kulia. Hata siku alipomzika mumewe Walter, Jumanne, kesho yake alikuwa anamenya viazi. Alifungua mkoba akaufunga, akaufungua tena akaufunga, kisha akasema taratibu kwamba yule mama hajakosea.

Entwistle akauliza kwa kunong'ona, bila kugeuka, kama kuna tunaloliona. Nikamwambia yeye asome tangazo lake.

"Kwa nini uliandika jina lako mara mbili?" nilimuuliza Ida.

"Ningeandika la nani? Niliwauliza wote. Huyu magoti, yule macho."

"Mimi hukuniuliza."

"Nimekuuliza miaka kumi na tisa, Hetty. Nikachoka."

Ilikuwa kweli. Kila aliponiomba nilikuwa na mgongo, au mgeni, au kifo cha shangazi. Shangazi zangu wamekufa mara nyingi kuliko idadi yao. Nilipenda kuja saa sita, nikala, nikawachekesha watu, nikaondoka kabla ya masufuria.

Mle ndani Garside alikuwa amechukua kalamu. Ninaijua ile namna ya kushika kalamu, ni ya mtu anayetaka kukata mstari.

Nikainuka. Ida akanishika mkono akasema haturuhusiwi kugonga. Sikugonga. Nilisimama tu karibu na kioo, nikamkazia macho Diwani Bhatti mpaka akaniona. Na nilipomwona vizuri usoni nikamkumbuka mama yake, Sughra, aliyefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda kile kile. Alikuwa akitupokea mitambo ingali moto. Mtoto wa Sughra hawezi kukua bila kujua kusema kwa midomo.

Nikaitanua yangu, bila sauti. Jina la pili. Niandike mimi.

Bhatti hakugeuza shingo wala hakushtuka. Midomo yake ikacheza kidogo: nani?

Hetty Brierley. Mtaa wa Tanner, namba saba.

Akauweka mkono wake juu ya fomu, taratibu, kabla kalamu ya Garside haijashuka. Akaanza kumweleza jambo, lakini sasa alikuwa ameinamisha kichwa, nami sikuweza kusoma tena. Garside akanitazama kupitia kioo. Alinitazama kwa muda mrefu, kama bwana afya anavyotazama jiko.

"Umefanya nini?" Ida aliuliza nyuma yangu.

Nikamwambia.

"Wewe? Hujui hata kuchemsha yai."

"Yai litanifundisha."

"Alfajiri, Hetty. Saa kumi na moja, kila wiki, baridi ipo au haipo. Na mimi nikishakufa hutakuwa na wa kumdanganya kwamba mgongo unakuuma."

"Najua."

"Usiseme unajua. Ukisaini pale halafu usije, utakuwa umenitukana kuliko yule mama." Akakifungua kifungo cha juu cha koti lake. "Kwa nini leo? Mbona si mwaka jana, si mwaka juzi?"

Kwenye kioo nilimwona Garside akisukuma kiti nyuma. Nilikuwa na uongo wa namna tatu tayari mdomoni, wote mzuri. Nikauacha.

"Kwa sababu Ida, hizo siku sita nyingine nyumbani kwangu, ni mimi na redio—"

Mlango ukafunguliwa. Garside alisimama kizingitini, miwani imening'inia kifuani, fomu yetu imefunuliwa ukurasa wa mwisho. Akaninyooshea kalamu, kidole chake kiko kwenye mstari wa jina la pili, nami nikaipokea.