Mabawa Niliyoshona Mundika

Shemeji yangu aliingia dukani asubuhi ya siku ya soko akiwa amekumbatia robota la kitani cheupe. Akalibwaga juu ya meza yangu ya kukatia hata kabla ya kunisalimu vizuri. Alitaka nimshonee mfuko. Si mfuko wa kubebea kitu, bali mfuko mrefu mwembamba kama foronya ya jitu, ulioshonwa pande tatu na kuachwa wazi upande wa nne. Nilipopima kwa kamba urefu aliotaka, kamba ilitoka mlangoni, ikavuka mtaro, ikafika kwa jirani yangu anayeuza mitumba.

"Shemeji, hii ni ya nini?"

"Wewe shona tu. Mshono upite mara mbili, na uzi usiwe wa nailoni."

Nimeshona nguo hapa Busia tangu usichana wangu. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya, na gomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, za akina mama wanaovuka mpaka kutoka ng'ambo, Uganda, asubuhi na kurudi jioni. Mteja wa kawaida humnyamazishi. Atakuambia harusi ni ya nani, bibi harusi ana tabia gani, na nani hakualikwa. Mteja anayeficha kazi ya kitambaa chake nilikuwa sijawahi kumpata.

Lakini huyu alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, na kwa mila zetu simwambii hapana hivi hivi. Nikashona. Wiki iliyofuata akaleta kitani kingine, akataka mfuko wa pili sawasawa na ule wa kwanza. Baadaye akaleta mikanda minene ya turubai ili niitie vifungo, na ilikuwa jozi mbili. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Alikuwa ameishi Uganda karibu maisha yake yote ya kazi, huko Entebbe, akiwa fundi wa mitambo. Mitambo gani, hakusema, na sisi hatukuuliza. Mtu akiwa mbali na anatuma salamu, mnashukuru. Mkewe alipofariki na yeye akastaafu, alirudi kijijini Mundika, nje kidogo ya Busia, kwenye shamba lao la urithi. Watu walitarajia atapanda muhogo na kufuga ng'ombe. Badala yake alijenga banda la mabati nyuma ya nyumba. Halikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa mpana kuliko wa kinu cha posho. Halafu mizigo yake ikaja kwa lori kupitia Malaba, ambako mume wangu anafanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani.

Nilimuuliza mume wangu kilichokuwa ndani ya yale makasha.

"Mbao na vyuma kuukuu," akanijibu, akaendelea kula.

"Mbao zitoke Uganda zije Mundika, kana kwamba hapa hakuna miti?"

"Mama watoto, mimi natoa mizigo. Sifungui roho za watu."

Kijijini maneno yalikuwa yameshaanza. Kutoka kwenye lile banda ilitoka harufu kali, kama ya rangi ya kucha iliyomwagwa ndoo nzima. Wengine walisema anapika dawa za kulevya. Wengine walisema anatengeneza mashua ya kuvushia magendo mtoni, ndiyo maana amesomba mbao. Alasiri moja kitu kilinguruma mle ndani hadi ng'ombe wa jirani wakakata kamba, na liguru, mzee wetu wa kijiji, akaenda kugonga mlango. Shemeji alitoka, akafunga kufuli nyuma yake, akamsalimu kwa heshima, akasema alikuwa anajaribu injini. Liguru alipouliza injini ya nini, aliambiwa ni ya kwake mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta kando ya ukuta wa kanisa. "Dada, watu wanasema unamshonea shemeji yako sanda. Ndefu, nyeupe. Sanda za nani?"

Nikamwambia nimechelewa, nikaondoka na aibu yangu. Na nyumbani nako mume wangu alikuwa ameanza maswali yake. Mbona kaka yake anakuja dukani kila mara? Tunaongea nini? Mbona nikirudi mikono yangu inanuka ile harufu? Nilimwambia mikono inanuka kwa sababu kitambaa kinarudishwa kurekebishwa. Alinitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama lori lililofungwa vizuri kupita kiasi.

Basi shemeji alipokuja na kazi nyingine, nilizima cherehani.

"Sishoni tena, shemeji, mpaka nione. Kama ni kitu kibaya, jina langu liko kwenye kila mshono."

Nilidhani atakasirika. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akasema, "Twende."

Tulikwenda mchana kweupe, kila mtu kwenye bodaboda yake ili watu wasipate la kuongeza. Alifungua kufuli, akasukuma mlango. Katikati ya banda palikuwa na kitu chenye umbo la mtumbwi mwembamba wa mbao, kimekaa juu ya magurudumu mawili. Kilikuwa na mashimo mawili ya kukalia, moja mbele, moja nyuma. Injini ilikuwa puani, na propela ya mbao ilikuwa imefungwa gunia. Ukutani yaliegemezwa mabawa mawili, na bawa moja lilikuwa limevaa mfuko wangu. Kitani kilikuwa kimepakwa ile dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, kikakazwa kama ngozi ya ngoma. Nilikipiga kwa kidole, kikalia.

"Ni ndege," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza.

"Ya Kijerumani. Ina umri mkubwa kuliko baba yetu."

Alinivutia ndoo nikaikalia, akaanza kueleza huku akizunguka. Wajerumani waliposhindwa katika vita vya kwanza vya dunia, walikatazwa kuwa na ndege za kivita. Walibanwa hata kwenye ukubwa wa injini. Mafundi wao wakaanza kuruka bila injini kabisa, wakiteleza na upepo kutoka vilimani. Kisha wengine wakawaza: vipi tukitia injini ndogo tu, kama ya pikipiki? Ya pikipiki ilikosa nguvu, ikapumua kama punda mgonjwa. Wakaunda nyingine, kubwa kidogo tu. Kwa kuwa nguvu ilikuwa chache, ndege ilibidi iwe nyepesi, ya mbao na kitambaa, na mabawa yawe marefu. Waliyafanya yaweze kuchomolewa ili ndege ilale ghalani kwa mkulima au ivutwe barabarani nyuma ya gari. Ilikuwa ndege ya mtu wa kawaida. Vijana walijiunga na vilabu, wakafundishwa kuruka kama mchezo. Ilipendwa, ikauzwa nchi nyingi. Hii moja ililetwa Uganda na mzungu mwenye shamba, ikaachwa kwenye ghala, mchwa wakala mabawa. Shemeji aliikuta wakati ghala linabomolewa, akaiomba. Mabawa haya aliyaunda upya, ubavu mmoja mmoja wa mbao.

Nilisikiliza yote. Nilitaka kufurahi, lakini kulikuwa na kitu kilichonikwaruza.

"Shemeji, hao vijana waliofundishwa mchezo. Baadaye walikwenda wapi?"

Aliacha kuzunguka.

"Wengi walikwenda vitani," akasema. "Vita vya pili. Serikali mpya ilipokuja, vilabu vilikuwa vimeshaiandalia marubani."

"Kwa hiyo mchezo ulikuwa kisingizio."

"Kwa wengine. Kwa wengine ulikuwa mchezo kweli. Aliyeichora hii, sijui alikuwa anawaza nini. Nimeifungua yote, nimeigusa kila mahali, na bado sijui."

"Na wewe unawaza nini? Mpaka uko hapo karibu. Mikanda umenishonesha jozi mbili. Kiti cha pili ni cha nani?"

"Ni ndege ya kufundishia, shemeji. Haijawahi kuwa na kiti kimoja."

Jibu lilikuwa zuri. Lakini halikuwa jibu la swali langu, na yeye alijua.

Nilikubali kuendelea kwa sharti moja, kwamba nifanyie kazi pale pale bandani, mlango ukiwa wazi. Alinipa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta, nikaanza kukishikiza kitambaa kwenye mbavu za bawa, yeye akiipokea sindano upande wa chini na kunirudishia. Mlango ukiwa wazi, watu walikuja. Walisimama mbali, wakatazama, wakaondoka, na kwa kweli nyuso zao zilinitisha kuliko yale maneno ya mwanzo.

Haikupita muda chifu akaja, na polisi wawili, na mtu mmoja asiyevaa sare ambaye hakutuambia anatoka wapi. Huyo ndiye aliyeuliza maswali.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ndege."

"Naona ni ndege. Nauliza, ya kubeba nini?"

"Watu wawili na mafuta kidogo."

"Kwenda wapi? Ng'ambo ni hapo tu."

"Kama ningetaka kwenda ng'ambo ningepanda bodaboda."

Mtu yule hakucheka. Akanigeukia. "Na wewe mama, ulijua unashona nini?"

"Mwanzoni sikujua. Sasa najua."

"Na hukuripoti?"

"Niripoti kitambaa, afande?"

Chifu alikohoa, akaangalia nje. Walimpigia mume wangu simu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa mzigo. Alifika kutoka Malaba na vumbi mpaka kwenye kope. Alipoiona ndege alisimama mlangoni, halafu akamwendea kaka yake kwa kidole.

"Uliniambia ni mbao na vyuma kuukuu! Unataka nifungwe?"

Shemeji hakupandisha sauti. "Nilikuambia ni ndege ya zamani. Ulicheka. Ukasema, mkubwa, umezeeka, hii tutaita mbao na vyuma kuukuu, tusichekwe."

Mume wangu alishusha kidole. Nilimtazama. Alitazama magurudumu ya ndege. Nikajua ni kweli, na nikajua pia kwamba zile siku zote alizokuwa ananihoji mimi, alikuwa anajua kidogo kuliko alivyotaka na zaidi ya alivyokuwa amesema. Makosa ya forodhani yalimgharimu safari nyingi za kwenda kujieleza, lakini hakufungwa.

Baadaye wakaja wakubwa wa mambo ya ndege kutoka Nairobi. Waligonga mbao, wakavuta nyaya, mmoja akapitisha kiganja juu ya mishono yangu. Wakaamua kwamba ndege isiruke kamwe bila kibali, na kibali kisitarajiwe. Injini ingeweza kuwashwa na ndege kutembea ardhini, basi. Chifu aliambiwa asimamie.

Kwa hiyo ikatolewa nje, malishoni, na Mundika nzima ikapanga mstari kando ya ua wa mkonge. Shemeji alimwita mdogo wake apande kiti cha mbele. Mume wangu akakataa mbele za watu wote.

"Basi mimi," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Nafikiri nilitaka kukiona kwa karibu kile ambacho kaka yake alikuwa anawaza, na njia pekee ilikuwa kukaa ndani. Nilifunga mikanda niliyoishona mwenyewe. Mbele yangu kulikuwa na fimbo ya kuongozea. Shemeji alikuwa ameniambia nisiiguse, kwa sababu imeunganishwa na ya kwake. Fimbo ikivutwa nyuma ndege huinuka, na akivuta yake, yangu pia inasogea.

Injini ikashika. Upepo wa propela ukanivua kitambaa cha kichwani, sikukiona tena. Tukaanza kwenda, kwanza tukirukaruka kwenye matuta, kisha kwa kasi, mpaka mkia ukainuka na nikaona mbele vizuri, malisho, ua wa mkonge, na shamba la muhogo nyuma yake. Mimi sikutazama huko. Nilitazama fimbo. Na nikaiona inakuja. Taratibu, kama mtu anayevuta kiti asiamshe mtoto, fimbo ilirudi kuelekea tumboni kwangu. Kugongagonga kwa magurudumu kukakoma. Kulikuwa na utulivu ambao sijawahi kuusikia tena, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulisema endelea.

Kisha fimbo ikarudi mbele, injini ikashushwa, magurudumu yakagonga, na tukasimama mbele ya mkonge.

Watu waligawanyika siku hiyo hiyo. Kuna waliosema waliona uwazi kati ya magurudumu na nyasi. Chifu alisema hakuona chochote, na ilikuwa busara kwake kutoona. Shemeji alisema ni kwamba matuta yalikuwa yameisha, malisho upande ule ni laini. Usiku ule mume wangu aliniuliza, nikamwambia fimbo ilikuja kwangu. Tangu hapo hakunihoji tena kuhusu kaka yake kuja dukani.

Yule mtu asiye na sare alirudi kuchukua propela ili isitembee tena, na ndege ikakaa bandani msimu mzima wa mvua. Mwishowe ilichomolewa mabawa, ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa chuo kimoja cha ufundi upande wa Butula. Shemeji huenda kuwafundisha wanafunzi kuunganisha mbavu na gundi. Tulimtembelea mwezi uliopita. Mume wangu aliomba kukaa kiti cha mbele, akakaa, magoti yakimgusa kidevu, na kaka yake akamweleza kila kitu kama anavyowaeleza wanafunzi.

"Siku ile," mume wangu akauliza, "ulikusudia kuruka?"

"Injini ilikuwa na nguvu ya kutosha."

"Sijauliza injini, mkubwa."

Shemeji alichukua kitambaa, akafuta vumbi kwenye ukingo wa kiti, polepole, mpaka pale palipokuwa pasafi tayari. Halafu akatuambia tuondoke mapema, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya na barabara ya kutoka Butula huwa mbaya ikinyesha.